Sweta la Mzamiaji

Mimi sijui kukaa. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimeshavaa viatu, na katika kijiji chetu cha juu huko Mgeta, ambako viatu vilivaliwa Jumapili tu, hiyo haikuwa sifa. Nikipalilia njegere, macho yalikuwa barabarani. Nikiwa kanisani, nilihesabu madirisha. Siku za shamba la kijiji mwenyekiti alinipanga mbele kabisa ya mstari ili watu wote wanione nikitoroka, na bado nilitoroka. Sasa ni bibi, magoti hayanitii, lakini hata leo nikisikia lori linabadilisha gia mlimani nasimama kuchungulia.

Kaka yangu naye alikuwa hivyo hivyo, ila yeye alitangulia. Baba yetu alifariki sisi tukiwa wadogo, na hata angekuwa hai, kwetu Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama. Mwenye neno juu yetu alikuwa mjomba, kaka yake mama. Tena mjomba huyo huyo ndiye alikuwa katibu wa kijiji, na muhuri ulilala kwake, ndani ya kopo la maziwa ya unga, umeviringishwa kitambaa kama mtoto mchanga. Miaka ile ya Ujamaa mtu hakutoka kijijini hivi hivi. Ukikutwa mjini huna barua unaitwa mzururaji, unapakiwa kwenye gari na kurudishwa kwenye jembe. Kwa hiyo mlango wa dunia nzima ulikuwa ndani ya lile kopo.

Mjomba alimpa kaka barua ya kwenda kutafuta kazi bandarini, Dar es Salaam. Baada ya miezi, kijana mmoja wa kijiji cha jirani alirudi akatuambia kwamba kaka amezamia. Kajificha ndani ya meli ya mizigo iliyokuwa inakwenda Ugiriki. Basi. Miaka mitatu ikapita bila barua wala salamu. Zamani kwetu kuzama na kuzamia yalikuwa maneno ya mtoni, ya watoto wanaopiga mbizi kwenye dimbwi na kutoka meno yanagongana. Kuanzia siku ile kuzamia kukawa na maana moja tu, na neno lenyewe halikutamkwa mbele ya mama.

Mama hakulia mbele yetu. Alifuma. Masista wa misheni walimfundisha akiwa msichana, na sindano zake zilikuwa spoki mbili za baiskeli alizozinoa kwenye jiwe. Nyuzi za sufu dukani hazikuwepo, kama vile sukari na sabuni zilivyokuwa hazipo, kwa hiyo alifumua masweta makuukuu, langu moja na lake moja, akaunga nyuzi. Likatoka sweta la mistari ya kijani na kahawia na rangi nyingine ambayo sijui niiteje. Lilikuwa la kaka. Alikuwa amesikia kwamba Ulaya kuna baridi kuliko ya kwetu. Likakaa sandukuni kusubiri anwani.

Jumanne moja mtu mmoja wa hoteli alinikuta nagombana. Nilikuwa pale malori yanapopakia mboga, na mchuuzi mmoja wa Mwembesongo, Morogoro mjini, alikuwa ameniambia karoti zangu zitafika mjini zimenywea, nami nikamweleza mbele ya watu kwamba kilichonywea ni akili yake. Karoti zangu hazikunywea kamwe. Sikuziosha, kwa sababu karoti inasafiri na udongo wake. Nilitandika tenga kwa majani ya mgomba, nikapanga karoti zimesimama, katikati nikaweka majani ya msituni yenye umande, juu nikafunika tena, nikafunga kwa kamba ya mgomba. Unaweza kuzipeleka mpaka Gairo na kuzirudisha, zikavunjika kwa mlio.

Huyo wa hoteli alikuwa mtu mnene wa pwani, kavaa suti ya mikono mifupi, na katika baridi ile alikuwa anatoka jasho. Akaomba nifungue tenga. Akachukua karoti, akaivunja, akatafuna hapo hapo na udongo wake. Kisha akanieleza. Alikuwa meneja wa hoteli mpya katika kisiwa kimoja cha kusini, nyumba chache za makuti ufukweni. Wageni walikuwa wameanza kuja kutoka Ulaya. Wengine walikuja kuangalia ndege na kasa, lakini wengi walikuja kuzama baharini. Walikula samaki kwa furaha, ila kila siku waliuliza kachumbari iko wapi, na kisiwani kulikuwa na nazi na mihogo tu. Mboga za kutoka Dar zilifika zimekuwa uji.

Nikamuuliza wakizama wanafanya nini. Akasema wanavaa miwani ya maji na mitungi ya hewa mgongoni, wanaangalia samaki. Nikauliza kama wanawavua. Akasema hapana, wanawaangalia tu, halafu wanatoka na wanalipa. Nilicheka mpaka nikashikilia tenga nisianguke. Hakukasirika, akasema hata yeye alicheka mwezi wote wa kwanza. Akanipa kazi pale pale: bustani, kupokea mboga, kusaidia jikoni, chumba changu mwenyewe na likizo ya kuja nyumbani. Gari lake lingepita Jumamosi asubuhi. Kilichobaki ni ruhusa ya kijiji, akaandika barua juu ya boneti ya Landrova huku mimi nikicheza miguu kama mtu aliyebanwa na haja.

Jioni ile ile, jua bado lipo, nilimpelekea mjomba. Nilimwamkia kwa magoti mawili, jambo lililomtia wasiwasi. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti yake ya mikutano. Barua ilieleza jina la kijiji, ikanisifu, kisha ikaomba niruhusiwe kwenda kwenye kituo chao kisiwani, kwa kazi ya kuhudumia wazamiaji.

Hapo sauti ilikatika. Alisoma tena kimoyomoyo, midomo inacheza. Kisha akaikunja barua mara mbili.

"Mmoja ametosha," alisema.

Nilielewa mara moja alichoelewa. Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie kwamba hawa ni wazungu wa miwani ya maji na mitungi mgongoni, hawajifichi, wanalipa, lakini mama alikuwa ameshatoka jikoni na spoki zake mkononi. Alimwomba kaka yake arudie neno la mwisho. Mjomba akakohoa, akaangalia paa. Mama akanigeukia mimi.

"Wazamiaji, mama," nikasema.

"Wanahudumiwa?"

"Ndiyo. Chakula na mahali pa kulala."

Kila neno lilikuwa kweli. Nikauona uso wake unafunguka, na nikajua kilichomo ndani kana kwamba kasema. Serikali iliyotuhamisha sote ikatujengea nyumba kwa mistari, iliyotupa zahanati na darasa la watu wazima, ingeshindwa nini kuwajengea wazamiaji kituo? Wamekamatwa huko waliko, wamerudishwa, wamewekwa kisiwani wapate nguvu kabla ya kurudi kwao. Na binti yake kachaguliwa kwenda kuwapikia. Mimi nilikuwa natakiwa kusema, hapana mama, sivyo. Siku zote mdomo wangu hutangulia akili, lakini siku hiyo ulijua kunyamaza. Niliona nikisema, barua inarudi kwenye mfuko wa mjomba, na mimi nazeekea kwenye njegere. Nikanyamaza. Nilijichukia, na nilinyamaza.

Mama akamwambia kaka yake neno moja tu: "Mpe." Mjomba akasema atafikiri.

Akafikiri Jumatano nzima. Alhamisi akapanda lori kwenda Morogoro mjini, hakusema kwa shughuli gani, na Ijumaa jioni akarudi akapita mlangoni kwetu bila kuingia. Siku zile tatu nilivunja mtungi, niliunguza maharage mara mbili, na kuku wote walinikimbia. Nilimlaani mjomba kimoyomoyo kwa lugha zote mbili nilizozijua. Mama alikuwa ametulia. Alilitoa sweta sandukuni, akalianika, akalikunja, akalifunga kwenye kipande cha khanga.

Jumamosi Landrova ikapiga honi kule barabarani, nami sina muhuri. Nilitelemka na furushi langu hivyo hivyo, nimeshaamua kwamba kama ni kukamatwa nikamatwe. Mama alikuwa nyuma yangu. Meneja alipouliza barua nikaanza kubabaika, na hapo ndipo tulipomwona mjomba anakuja kwenye ngazi za shamba la kabichi, taratibu, na kopo kwapani. Hakunitazama. Aliliweka kopo juu ya boneti, akafungua kitambaa, akaupulizia muhuri pumzi ili wino upate unyevu, akaigonga ile barua ya meneja. Kisha akafunga kopo lake na kupanda mlima tena.

Mama akanipa lile furushi la khanga. "Mpe," akasema. "Mwambie sina hasira naye."

Nililia toka pale mpaka stesheni ya Morogoro. Kwenye treni, tulipopita Ngerengere, nilikuwa nimeshanyamaza na nimetoa kichwa dirishani. Ndivyo nilivyo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilipita Dar, ikapanda boti, na bado haikuisha.

Sitawadanganya kuhusu bahari. Niliipenda vibaya. Ilikuwa kitu cha kwanza nilichokiona kisichojua kukaa kama mimi. Asubuhi ilikuwa imekwenda mbali, ukageuka tu kukata kitunguu imerudi mlangoni. Bustani ilinitia aibu: karoti nilizopanda kwenye mchanga ziliota ndevu na miguu mitatu mitatu, mpaka wapishi wakaniuliza kama kwetu zinatembea. Nikaacha karoti, nikapanda mchicha, na karoti zikaletwa kutoka kwetu, kwenye matenga yaliyofungwa nilivyowaachia maelekezo. Nilipofungua tenga la kwanza na harufu ya udongo wa Mgeta ikatoka, nilifunga mlango wa stoo nikakaa ndani peke yangu muda mrefu.

Wageni walizama kila asubuhi. Nahodha wa boti ya injini alikuwa na ubao wenye misumari, na vibao vidogo vya mbao vyenye namba. Anayeingia majini alitundika kibao chake msumarini. Anayetoka alikiondoa kwa mkono wake mwenyewe, hakuna kumwondolea mwenzio. Ubao usipokuwa mtupu, boti haikuwashwa. Nahodha hakuwa na utani na jambo hilo, hata mgeni awe na hasira namna gani. Nilikuwa napelekwa nao mara nyingine na chupa za chai na ndizi, na kazi yangu hasa ikawa kuutazama ule ubao. Wao waliongea habari za matumbawe na za yule papa mkubwa mwenye madoa asiyekula mtu. Mimi nilikodolea macho vibao. Nilijiuliza kaka alipoingia melini ni nani aliyetundika chake. Hakuna. Niliona uchungu na hasira, sijui kwa kaka, sijui kwa meli, sijui kwangu mwenyewe.

Siku moja walinivalisha miwani ya maji, nikashikilia ngazi ya boti, nikaingiza uso. Sikuingiza zaidi ya uso. Chini kulikuwa na samaki wa manjano, wengi, wote wanaelekea upande mmoja kama watu wanaotoka misa, na hakuna aliyekuwa na haraka. Nikaelewa kwa nini wazungu wanalipa. Nilipoinua kichwa nilikuwa nimekunywa maji ya chumvi, na wote walinicheka.

Sweta lilikaa chini ya mto wangu wa kulalia. Joto lile, hata kulitazama kulinitoa jasho. Ilipofika kipupwe, upepo wa kusi ukavuma, maji yakawa ya baridi. Asubuhi moja mgeni wa mwisho alichelewa kutoka. Vibao vyote vilikuwa vimeondoka isipokuwa kimoja, nahodha kasimama, na mimi nilijikuta nasali kwa Kiluguru. Alipoibuka alikuwa msichana mdogo mdogo wa Kizungu, midomo imekuwa ya buluu, meno yanagongana kama ya watoto wa kwetu mtoni. Mkono ulimtetemeka hata akashindwa kukishika kibao, na nahodha akamsubiri mpaka akaweza. Tulipofika ufukweni nilikimbia chumbani. Sikufikiri. Nilifungua khanga ya mama, nikamvalisha lile sweta kwa mikono yangu, na mikono yake ikapotelea ndani. Alilala nalo. Kesho yake aliondoka kwa ndege ndogo akiwa amelivaa, akinipungia, na mimi sikuwa na lugha ya kumwomba alirudishe. Wala sikutaka.

Mwaka wa pili nikapata likizo. Njia nzima niliapa kwamba nitamwambia mama ukweli. Nilijipangia maneno tangu kwenye boti: mama, wazamiaji wale si hawa, kaka hayupo kule, mimi ni mwongo, nisamehe. Nilikuwa nayo tayari kama wimbo.

Lori liliponishusha, mjomba alikuwa pale kwenye matenga. Nikamwamkia, akaitikia, akachukua furushi langu, tukapanda naye. Katikati ya mlima alisimama kana kwamba anapumzika, ingawa alikuwa hajachoka. Akaniambia kwamba ile Alhamisi alikwenda Mwembesongo kwa fundi cherehani mmoja, mtu wa pwani, akamuuliza wazamiaji ni watu gani. Fundi akamweleza yote, mpaka mitungi ya mgongoni.

Nikamuuliza kwa nini basi aligonga muhuri.

"Ungekwenda hata bila barua," akasema. "Kaka yako nilimwandikia barua ya bandarini, sikuuliza zaidi. Wewe nilitaka nijue uko wapi."

Akatazama kule juu, kwenye moshi wa jiko letu. Akasema tangu niondoke dada yake analala usiku, na kwamba nikiwa na la kusema, niende nikaseme kwake. Miaka yote ile nilikuwa nimemwona mtu mgumu. Niliona aibu, naye akaendelea kupanda na furushi langu begani.

Mama alikuwa amepungua, lakini uso ulikuwa mwepesi. Tukala. Hakuniuliza kama nimemwona kaka. Nadhani hilo aliliogopa. Alisubiri mpaka nimenawa, kisha akauliza habari za sweta, kama lilifika.

"Nilimvalisha mwenyewe, mama. Alitoka majini anatetemeka."

Kiswahili chetu hakisemi kama huyo ni mwanamume au mwanamke, ni kaka yako au mtoto wa mtu wa mbali. Sikuongeza neno, wala sikupunguza.

"Lilimtosha?"

"Mikono ilikuwa mirefu kidogo."

Mama akainamisha kichwa. "Amekonda," akasema.

Akataka kujua kama anakula. Nikamwambia wanakula vizuri, wanakula karoti zetu hizi hizi. Hapo akacheka, mara ya kwanza kwa miaka mingi, kwa sababu kaka akiwa mtoto alizificha karoti chini ya kigoda. Wimbo wangu wote ulikuwa umefika kooni. Mlangoni mjomba alikuwa ameketi ametugeuzia mgongo, anachonga mpini ambao ulikuwa umeshachongeka. Nikaumeza ule wimbo.

Mama akaingia ndani, akatoka na sweta langu la shule, lililobaki, na zile spoki mbili. Akatafuta ncha ya uzi, akaanza kulifumua. Kaka na mimi tulikuwa na mikono sawa, kila mtu alisema hivyo tangu tukiwa wadogo. Akapima uzi kutoka begani kwangu mpaka kwenye kifundo cha mkono, akaukunja kidogo kwa ajili ya kukonda, akapima tena. Miguu yangu ilitaka kukimbia, mpaka barabarani, mpaka baharini.

"Nyoosha mkono," akasema. "Utulie."

Nikatulia.